Kabla ya Kununua Kioo: Tangi Kubwa la Samaki Huanzia Chumba cha Mitambo



Kuna picha ambayo siku hizi naletewa kila mara kwenye simu na watu wanaojenga. Ni ya sebule pana, pengine ya Dubai au Maskati, ambayo ukuta wake mmoja ni kioo kitupu, na nyuma ya kioo samaki wa kila rangi wanaogelea. Swali linalofuata huwa ni lile lile: "Fundi, hii itanigharimu pesa ngapi?"

Mimi ni mtu wa ujenzi. Diploma yangu ni ya kazi hiyo, na nimesimamia nyumba kadhaa kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Jibu langu huwaudhi wengi: kabla hujaniuliza bei ya kioo, nionyeshe mahali utakapoweka mitambo. Mgeni huiona sebule, lakini karamu hupikwa jikoni. Tangi la samaki nalo lina jiko lake, na picha za simu hazilionyeshi.

Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Anayetaka kujenga tangi la namna hii na ajenge, ila ajue mahesabu yake mapema, wakati bado yako kwenye ramani. Likishajengwa ukutani, kosa la msingi halirekebishwi bila kuvunja.

Uzito kwanza

Tuchukue mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho. Tangi lina urefu wa mita 3, upana wa mita 1, na maji yake yana kina cha sentimita 80. Hapo una lita 2,400. Lita moja ya maji matamu ni kilo moja, na ya bahari inazidi kidogo, kwa hivyo maji peke yake yanakaribia tani mbili na nusu. Ongeza vioo, mawe, mchanga na kitako cha kulibeba, utapita tani 3. Uzito wote huo umekaa kwenye eneo la mita 3 za mraba, yaani zaidi ya tani moja kwa kila mita.

Sakafu ya orofa katika nyumba ya kawaida ya kuishi hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba: watu, viti, makabati. Linganisha mwenyewe. Na tofauti na wageni wa harusi, tangi haliondoki usiku ukiingia. Linakaa hapo hapo mwaka baada ya mwaka.

Kwa hivyo mahali pake salama ni chini, juu ya sakafu iliyokaa ardhini, na penye kitako pawe na msingi wake. Ukilitaka orofani, injinia wa majengo alihesabu kabla zege halijamwagwa, si baada ya kuhamia. Jirani wa chini ana haki yake. Na wale wenye nyumba za mawe za Mji wa Kale au Lamu, zenye dari za boriti, nawaomba wasilifikirie kabisa tangi la kiasi hiki juu. Boriti zile zilikatwa mikokoni na zimebeba chokaa na mawe miaka mingi. Unyevu wa chumvi na tani 3 za ziada ni mtihani usiofaa kupewa.

Kioo na ukuta

Watu hudhani unene wa kioo hutegemea urefu wa tangi tu. Kinachosukuma hasa ni kina cha maji. Katika mfano wetu, maji yanakisukuma kioo cha mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Ukiongeza kina maradufu na urefu ukabaki ule ule, nguvu hiyo haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ndiyo maana namshauri mtu aongeze urefu na upana, aache kina. Tena tangi lenye kina kikubwa mkono haufiki chini, na kila kitakachoanguka mle kitahitaji mtu wa kuzamia.

Kitako kiwe sawa kabisa kwa pima maji, na kati yake na kioo cha chini kuwe na tandiko jembamba la povu, maana punje moja ya kokoto inaweza kupasua kioo. Ukuta wa juu ya tangi ubebwe na linta yake, usikilalie kioo hata kidogo. Acha pia nafasi isiyopungua sentimita 60 juu ya maji, upande wa nyuma, ili mtu aweze kuingiza mikono na nyavu. Halafu pima milango yako yote: kioo cha mita 3 kitapitia wapi siku ya kuletwa, na kitatokea wapi siku ya kubadilishwa?

Chumba chenyewe

Kwa tangi la mfano wetu, nisingekubali chumba cha mitambo kilicho chini ya mita 2 kwa mita 2 na nusu. Kiwe nyuma ya tangi, na kiwe na mlango wake wa nje. Faida ya mlango huo ni mbili. Ndoo za maji ya chumvi hazipiti juu ya zulia lako, na fundi anaingia na kutoka bila kupita kwenye familia, sitara ya nyumba ikabaki.

Sakafu yake iinamie tundu la kutolea maji. Mlangoni weka kizingiti cha sentimita 10: chumba cha ukubwa huo kitaweza kuzuia karibu lita 500 kabla tone halijafika sebuleni. Kuta zipigwe vigae au rangi isiyopitisha maji. Paipu ziwe za plastiki. Juu weka feni ya kutoa hewa nje, kwa sababu hewa yenye chumvi ikijifungia ndani, sisi wa pwani tunajua inavyokula nondo mpaka zege likabanduka.

Ndani ya chumba ndimo linamokaa tangi la chini, lililo moyo wa mitambo yote. Maji ya tangi la juu humwagikia humo kupitia tundu la pembeni, huchujwa, chombo cha povu kikatoa uchafu, kisha pampu ikayarudisha juu. Pampu ya mfano wetu iwe ya kuzungusha lita 7,000 hadi 12,000 kwa saa. Humo humo chumbani tenga nafasi ya tangi la kuandalia maji mapya, na tangi dogo la kumtenga samaki mgeni wiki kadhaa kabla hajachanganywa na wenzake. Mgonjwa mmoja huua wote.

Stima ikipotea

Hapa ndipo nyumba nyingi hufurika. Stima ikikatika, pampu husimama, lakini maji ya juu huendelea kuteremka mpaka yafike ukingo wa tundu. Mengine huvutwa kupitia paipu ile ile ya kurudishia. Yakishuka sentimita 5 tu, mfano wetu umemwaga lita 150. Tangi la chini lazima liwe na nafasi tupu ya kuyapokea, kila siku, saa yoyote. Mdomo wa paipu ya kurudisha maji uwe karibu na uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto.

Usiniamini mimi, fanya jaribio. Jaza maji matamu kabla ya kutia chumvi na kabla ya kununua samaki. Zima swichi kuu, kaa uangalie. Washa tena, zima tena. Kama kuna mahali panavuja, afadhali pavuje siku hiyo.

Soketi ziwekwe juu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na matangi, na kila waya uning'inie chini ya soketi yake kwanza ili tone likifuata waya lidondoke pembeni. Fundi wa stima aweke swichi ya kukata umeme unapovuja, ile wanayoiita RCD, ya miliampu 30. Maji ya chumvi na volti 240 havina mzaha. Pampu na mashine ya kupoza maji zisiwe kwenye laini moja, ili moja ikikata nyingine iendelee.

Samaki nao wanahitaji hewa, na maji ya joto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Katika joto letu, saa chache bila mzunguko zinatosha kuwaua. Dawa yake si ghali: pampu ndogo ya hewa ya wati 20 iliyounganishwa na betri ya volti 12 yenye saa-ampia 100 itaenda zaidi ya saa 20, hata ukitumia nusu tu ya nguvu ya betri. Mwenye jenereta aiweke nje, kamwe isiingie chumba cha mitambo. Moshi wake unaua watu.

Maji na joto

Ukibadilisha sehemu moja kwa kumi kila wiki, unahitaji lita 240 za maji mapya ya chumvi. Ukiyaandaa nyumbani, kila lita hutaka gramu 35 za chumvi maalumu, yaani kilo 8 na kitu kwa wiki. Anayetaka kuteka baharini atabeba mitungi 12 ya lita 20. Ateke maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua, mbali na hori na mitaro ya mji, wala asiteke wakati wa masika, mito ikiwa imeshusha tope na kuyapunguza makali.

Maji yanayopungua kwa kukauka hujazwa kwa maji matamu, si ya chumvi. Ni kanuni ile ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni: maji hupanda hewani, chumvi ikabaki. Uso wa maji ukishuka nusu sentimita kwa siku, hizo ni lita 15. Maji ya mfereji yana dawa, na visima vyetu vingi vina chumvi yake, kwa hivyo utahitaji mashine ya kuchuja kama zile za maduka ya kujaza mitungi. Mashine hizo humwaga lita kadhaa kwa kila lita safi. Katika mji ambao majirani hupanga foleni ya maji, yakinge yale yanayomwagwa uyatumie kuoshea sakafu na choo.

Maji machafu ya chumvi nayo yasipelekwe bustanini wala karibu na kisima. Yachimbiwe shimo lake.

Kuhusu joto, wenzetu wa Ulaya hununua vyombo vya kupasha maji. Sisi tunahitaji kupoza. Mwaka 1998 bahari yetu ilipozidi joto, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa. Digrii moja au mbili juu ya kiwango walichozoea zilitosha. Ndani ya sebule yenye taa na pampu, joto hupanda upesi zaidi. Mashine ya kupoza maji ikae nje ya chumba, kwa sababu yenyewe hutema joto.

Samaki si mapambo

Tangi likishajaa, subiri wiki 4 hadi 6. Bakteria wanaovunja sumu ya uchafu wa samaki wanahitaji muda huo kuzaliana. Anayetia samaki siku ya kwanza huwaua. Kisha chagua kwa akili: kangaja anataka nafasi ya kuogelea, na chewa mdogo wa leo atawameza wenzake kesho. Nunua kwa mwenye leseni. Ndani ya mbuga za bahari za Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite hairuhusiwi kutoa samaki wala jiwe.

Tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Samaki uliyemtia ndani ya kioo naye hana pa kwenda. Ni amana.

Mwisho, bei ya kila mwezi. Tuseme pampu na taa zako zinakula wati 400 mchana na usiku. Hizo ni karibu uniti 288 kwa mwezi, kabla ya kupoza maji. Mashine ya wati 1,000 ikipoza saa 10 kwa siku huongeza uniti 300. Zizidishe na bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, utie na chumvi na chakula. Kama jumla inakutisha, liko tangi la lita 300 la maji matamu, na samaki wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika hupenda maji magumu kama ya visima vyetu, maadamu hayana chumvi. Warembo vile vile.

Lakini kama hesabu inakubali, basi mpangilio ni huu: amua samaki, angalia sakafu, chora chumba cha mitambo, tafuta maji, panga stima. Kioo kiwe cha mwisho kununuliwa. Ukija kwangu na ramani yenye chumba hicho, inshallah tutaongea bei.