Kivuli cha Miche Kisiondolewe kwa Siku Moja



Wahenga walisema, mchumia juani hula kivulini. Mkarafuu una desturi ya kinyume: kwanza hulelewa kivulini, kisha ndipo uchumiwe juani. Shida iko katika safari ya kutoka kivulini hadi juani, na hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Kila masika yakikaribia twaulizwa swali moja: "Miche yangu ilikuwa mizuri kitaluni, mbona imekufa shambani?" Twaona ni vyema tujibu kwa wote, nasi tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika masika ya 2022 tulitoa miche ya kitalu cha chama. Ilikuwa ya miaka miwili, majani yake yaking'ara. Ilipopiga mvua ya kwanza tukaondoa makuti yote asubuhi, na jioni miche ikapakiwa garini kupelekwa mashambani. Mvua ikakatika siku tano. Majani yakababuka, ncha zikakauka, na zaidi ya nusu ya miche ikafa. Wako waliodhani ni maradhi. Hayakuwa maradhi, lilikuwa jua. Jani lililokua kivulini ni laini, halistahimili jua la ghafla, na mzizi uliotikiswa hauwezi kulipelekea maji ya kutosha. Hivyo kazi ya miaka miwili ilipotea kwa siku tano.

Basi tufanyeje? Tuanze na mbegu. Chukua karafuu zilizoachwa mtini zikaiva hata zikawa za rangi ya zambarau, kutoka mti wenye afya na unaozaa vizuri. Zilowekwe usiku mmoja, zimenywe nyama yake, zipandwe wiki ile ile. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi akiba. Ikianikwa ikakauka, imekufa.

Mahali pa kitalu pawe karibu na maji, lakini pasituamishe maji. Wengine huvutiwa na bonde lenye kangaga kwa sababu ya ubaridi wake. Ni kweli kangaga hustawi kivulini penye majimaji, na mche wa mkarafuu nao hupenda kivuli, lakini miguu yake haitaki kukaa majini: mizizi huoza. Chagua mwinuko mdogo, ujenge chanja ya kimo cha mtu, uiezeke kwa makuti ya mnazi. Miche ikuzwe katika viriba, ili siku ya kuhamishwa mzizi mkuu usikatike.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Makuti yaondolewe kidogo kidogo. Miezi mitatu kabla ya kupanda, toa kuti moja katika kila manne. Baada ya mwezi, toa tena hadi jua na kivuli viwe nusu kwa nusu. Mwezi wa mwisho miche ikae wazi, ukiitazama kila siku. Ukiona majani yanageuka manjano au yanababuka, rudisha makuti, ungoje. Kumwagilia nako kupunguzwe polepole, ila udongo usiachwe ukakauka.

Panda masika yakishashika, siku ya mawingu, na usiubanjue udongo ulioshika mizizi. Hata shambani mche usiachwe peke yake. Chomeka kuti upande wa mashariki na jingine upande wa magharibi, au panda katikati ya muhogo na migomba, na shina lizungushiwe majani makavu yasiyoligusa.

Huenda mtu akasema ni taabu nyingi kwa mche mmoja. Tukumbuke kwamba mche huo utangoja miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa. Ukifa leo, hesabu inaanza upya. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa pigo moja, na ya Pemba ikasalimika. Mikarafuu yetu mikongwe yafa mmoja mmoja, bila kishindo, na pengo lisilozibwa ni hasara ile ile.

Mwenye chanja ya makuti na aanze kuhesabu miezi yake kuanzia sasa. Asiye na hakika na atuite, tutakuja kuitazama miche pamoja naye.

Wabillahi Tawfiq.

Katibu