Chupa Ichemshwe Hadi Lini? Utangulizi kwa Wanaoanza Elimu ya Usafi wa Chakula cha Mtoto

Swali linalowaleta wengi kwenye fani hii halitoki maabara. Linatoka jikoni, na mara nyingi anayeliuliza ni mama ambaye mtoto wake ameanza kutambaa: "Jana nimemkuta na kandambili mdomoni, anaitafuna. Sasa hizi chupa bado nazichemsha za nini?" Ana haki ya kuuliza. Wauguzi hulikwepa kidogo, na bibi wa mtoto huwa na jibu lake tayari, tena halijadiliwi. Mimi nalipenda kuliko maswali yote, kwa sababu ukilifuata mpaka mwisho utakuwa umegusa karibu kila kitu tunachofundisha: maziwa, maji, moto, tumbo la mtoto, na saa. Karibu tulifuate.

Anza na majibu yaliyopo, uone yanavyopishana. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, huwaambia wazazi watakase vyombo vya kulishia mpaka mtoto atimize angalau miezi 12. Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, husisitiza kutakasa kila siku hasa kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, aliyezaliwa njiti, au mwenye kinga dhaifu. Kwa mkubwa zaidi mwenye afya, kuosha vizuri kila baada ya matumizi kunaweza kutosha. Nchi mbili tajiri, maziwa ya kopo yanayofanana, na pengo la miezi 10 kati yao. Mwanafunzi mgeni hudhani lazima mmoja amekosea. Lakini miezi hiyo haikuonekana kwenye darubini. Kila taasisi iliamua imlinde nani zaidi, na ikakisia mzazi aliyechoka atafanya nini hasa saa nane za usiku. Ukishalielewa hilo, utaacha kutafuta tarehe moja ya dunia nzima, nawe utakuwa umeokoa muda mwingi.

Kinachobadilika na umri ni mtoto mwenyewe. Anazaliwa na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, nazo hupungua katika miezi ya mwanzo kabla hajajitengenezea za kutosha. Anayenyonya hupata nyingine ndani ya maziwa, zinazolinda utumbo. Anayelishwa maziwa ya kopo pekee hazipati. Tindikali ya tumbo lake nayo bado ni hafifu, hivyo kijidudu ambacho kingefia tumboni mwa mtu mzima kinaweza kupita kikiwa hai. Hapa ndipo utakapokutana na jina Cronobacter. Ni bakteria anayestahimili ukavu, anayeweza kukaa ndani ya maziwa ya unga, na ambaye kwa kichanga, njiti hasa, anaweza kusababisha homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu ni nadra, lakini ukija huua, au huacha ulemavu. Mwaka 2016 katika jimbo la Pennsylvania aliugua mtoto njiti, na uchunguzi ukaelekea kwenye pampu ya nyumbani ya kukamulia maziwa. Kwa hiyo mama anayekamua maziwa yake na kuyaacha kwa yaya naye yumo katika mjadala huu.

Maziwa ya unga hayajatakaswa hata kopo likiwa jipya, limefunguliwa sasa hivi. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na FAO wa mwaka 2007 unataka unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 za Selsiasi, kisha maziwa yapozwe haraka, na yasiyonywewa ndani ya saa 2 yamwagwe. Nyumba nyingi za kwetu huchemsha maji alfajiri na kuyahifadhi kwenye thamosi. Ni desturi nzuri, ila thamosi iliyofunguliwa mara tano kutwa, jioni inaweza kuwa imeshuka chini ya nyuzi 70, na hapo chupa iliyochemshwa kwa dakika kumi inatiwa unga wenye vijidudu na maji yasiyoweza kuviua. Moto wote uliotumika kwa chupa umepotea bure.

Tuiangalie chupa yenyewe. Chukua chuchu iliyooshwa jana kwa haraka, igeuze nje ndani, kisha pitisha kidole chini ya ukingo pale inapokaa kwenye kifuniko. Ukihisi utelezi, hayo ni mabaki ya mafuta na protini ya maziwa, na ndani yake bakteria wamejijengea utando unaowakinga. Angalia pia mikunjo ya shingo ya chupa ambako kifuniko hujisokota. Kuchemsha chombo chenye utando huo ni kuupika tu ugande. Brashi, sabuni, maji yanayotiririka, kisha moto: mpangilio huo haupinduki. Kwa maoni yangu, mama anayesugua vizuri bila kuchemsha amemzidi mbali anayechemsha bila kusugua. Wanaoishi nyanda za juu huuliza kama maji yao yanatosha, kwa kuwa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatosha. Mbegu ngumu za baadhi ya bakteria hazifi hata Dar es Salaam kwenye nyuzi 100, lakini vijidudu vingi vinavyowaharisha watoto hufa kabla ya hapo.

Kikombe cha wazi hakina chuchu, hakina mikunjo, na kinaoshwa kwa vidole. Wataalamu wa lishe ya watoto wamekipendekeza kwa miaka mingi mahali pa maji haba, hata kwa kichanga, na bado maduka yamejaa chupa. Historia ya chupa haipendezi. Ulaya katika karne ya 19 iliuza chupa zenye mrija mrefu wa mpira ili mtoto anyonye peke yake akiwa amelala. Mrija haukuwezekana kusafishwa, watoto wakafa, na mwaka 1910 Ufaransa ikapiga marufuku kuziuza.

Sasa turudi kwenye kandambili, maana mama yule ana hoja. Soli yake ina vijidudu, wala si vya kudharau: watafiti waliowatazama watoto wachanga uani vijijini Zimbabwe, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, waliwaona wakila udongo na hata kinyesi cha kuku. Lakini kwenye soli kavu vijidudu havizaliani sana. Kwenye maziwa vuguvugu vinazaliana. Bakteria kama E. koli, akipata joto na chakula cha kumtosha, anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Wakibaki 10 tu chini ya chuchu saa mbili asubuhi, na hali ikiwa nzuri kwao, saa sita mchana watakuwa 40,960. Mtoto aliyelamba kandambili amekula walewale waliokuwepo. Aliyepewa chupa iliyokaa mezani amepewa kizazi cha kumi na mbili. Tofauti hiyo ya kipimo ndiyo moyo wa fani yetu, na ndiyo inayofanya "anakula uchafu mwingine hata hivyo" liwe jibu pungufu.

Jambo hilo lilipimwa Afrika miaka ya 1970, kijijini Keneba, Gambia. Rowland, Barrell na wenzao walipima uji wa watoto ulipopikwa tu, kisha baada ya saa kadhaa. Kadiri ulivyokaa ndivyo vijidudu vilivyoongezeka, na msimu wa mvua, mama anaposhinda shambani, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo tusilaumu chupa peke yake. Kuanzia miezi sita, uji uliopikwa asubuhi na kulishwa jioni bila kupashwa moto unaweza kuwa hatari kuliko chupa iliyooshwa vizuri.

Kuna upande mwingine wa habari hiyo ninaoupenda. Tanzania, Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha mwaka 1994 utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kidogo kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Tindikali ya togwa huwazuia bakteria wengi kuzaliana. Bibi aliyekuwa akiacha togwa ikae alikuwa akifanya kazi ya jokofu, bila umeme.

Lakini usidhani kila usafi huleta matokeo. Mradi mkubwa wa WASH Benefits magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, ulizipa familia dawa ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono. Watoto hawakupungua kuharisha. Mradi dada wa Bangladesh ulipunguza. Wenzangu bado wanabishana juu ya sababu, na wewe utajiunga nao. Kwa upande mwingine, Botswana mapema mwaka 2006, mvua kubwa zilipoleta mlipuko wa kuharisha, wachunguzi walikuta kwamba watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi, wengi wao wakiwa wamepewa maziwa ya kopo bure kwa nia njema ya kuwaepusha na VVU. Hakuna sufuria ya kuchemshia chupa ambayo ingefidia kinga waliyoikosa.

Basi mama wa kandambili nimjibuje? Kama mtoto hajafika miezi mitatu, au ni njiti, au ana maradhi yanayodhoofisha kinga, namwambia aendelee kuchemsha kila siku. Kama maji anayooshea ni ya kisima kisichofunikwa, au ya bomba linalokatika kila wiki, aendelee pia, hata mtoto akiwa wa miezi tisa. Lakini kama mtoto ana miezi minane, mzima, maji ni salama, kila kipande hufunguliwa na kusuguliwa kila baada ya kula, na vyombo hukauka vyenyewe bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni, hapo sioni sababu ya kumtoza mkaa wa ziada. Mkaa ni fedha. Ukiwa wa kupimwa kwa kopo, ningependa uende kwanza kwenye maji ya kunywa, pili kwenye kupasha uji mpaka uchemke, na chupa tupu ije mwisho. Wapo wenzangu watakaoona nimelegeza. Mimi nimeona jiko moja na sufuria moja vikigombewa na mahitaji hayo matatu, na ushauri usioyapanga haufuatwi. Sharti la saa 2, lile halina umri wa kuachwa maadamu mtoto anakunywa maziwa ya kopo.

Kazi ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni kuomba ruhusa ya kukaa jikoni mwa familia moja tangu alfajiri mpaka usiku, na daftari na saa. Usimuulize mama chupa inachemshwa mara ngapi. Atakujibu alichoambiwa kliniki. Andika maziwa yalikorogwa saa ngapi, yalimalizika saa ngapi, yaliyobaki yalikwenda wapi, nani aliosha, na kilichooshwa kilianikwa juu ya nini. Ukirudi tutaanza na ukurasa wa saa nne asubuhi, kwa sababu kwa kawaida hapo ndipo chupa ya alfajiri inapoonekana tena.