Ua la Shaba: Rafiki Anayekuonya Juu ya Udongo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mlezi wa jamaa, kila mwisho wa masika tunaona maua madogo ya rangi ya zambarau yakitokea pale ambapo mimea mingine imeshindwa. Watoto wanayachuma kwa kuchezea. Lakini je, unajua maua hayo yanakuambia nini?

Mmea huo ni ua la shaba. Wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Ni wa jamaa moja na mrihani. Ni mfupi, majani yake ni membamba, na hauishi zaidi ya mwaka mmoja: unaota wakati wa mvua, unatoa maua kuelekea mwisho wa mvua, kisha unakauka wakati wa kiangazi na kuacha mbegu.

Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya mimea mingi. Ua la shaba linavumilia. Majaribio yameonyesha kwamba linaweza kuota hata kwenye udongo wa kawaida. Lakini huko porini linastawi zaidi mahali penye shaba.

Faida yake ni nini? Ya kwanza, linaonyesha shaba ilipo. Katika miaka ya 1950 Profesa Paul Duvigneaud wa Ubelgiji alichunguza mimea ya vilima vya shaba vya Katanga. Ya pili, linafunua kazi ya mababu zetu: mwaka 1982 wataalamu waliandika jinsi maua haya yalivyowaongoza hadi kwenye matanuri ya kale ya kuyeyusha shaba, yaliyofunikwa na ardhi. Ya tatu, na ndiyo inayohusu afya ya nyumba yako, ni onyo.

Tanuri kubwa ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi na moshi vilianguka zaidi upande wa kaskazini-magharibi, hadi Penga Penga. Katika udongo wa namna hiyo hamna shaba peke yake. Mna pia risasi, kadimi na aseniki. Risasi inadhuru akili ya mtoto anayekua, hata ikiwa kidogo, na mtoto haonyeshi ugonjwa mapema.

Basi, ukiliona ua la shaba limejaa kwenye kiwanja chako, usipande hapo lengalenga, sombe wala kabichi. Mboga za majani zinavuta madini haya kutoka udongoni, tena zinapokea vumbi juu. Ukiziosha vizuri, vumbi jingi litatoka. Yale yaliyoingia ndani ya jani hayatoki, hata ukipika mchana kutwa.

Tena usijidanganye: mahali pasipo na ua hili si lazima pawe salama. Ua linatambua shaba; halikuambii habari ya risasi.

Fanya hivi:

1. Tafuta shamba mbali na kiwanda, mbali na chungu za takataka za madini na mito inayopokea maji yake.

2. Kama huna mahali pengine, inua tuta kwa udongo safi ulioletwa kutoka mbali. Ongeza chokaa na mbolea ya samadi: vinapunguza shaba inayoingia kwenye mizizi, ingawa haviiondoi.

3. Osha mboga kwa maji safi mara kadhaa.

4. Watoto wanawe mikono kabla ya kula bukari. Wasile udongo, na mama mwenye mimba asile udongo wa mahali hapo.

5. Baba, vua nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mtoto.

Je, tuling'oe ua hilo? Hapana. Mizizi yake inashika udongo, na ardhi iliyo wazi ndiyo inayotoa vumbi. Watafiti wa Lubumbashi wamejaribu kufunika ardhi ya Penga Penga kwa majani yanayovumilia shaba, kama Microchloa altera, pamoja na miti iliyopandwa kwa chokaa na mbolea. Ukitaka kusaidia, kusanya mbegu zilizokomaa mwanzo wa kiangazi, uzitunze mahali pakavu, na uzimwage mvua inapoanza, pale penye shaba pasipoota kitu.

Uache ua lifunike ardhi yake. Mboga ya watoto wako ipate ardhi nyingine.