Maji Madogo Hayana Subira

Wako watu, tena wengi, wanaoamini kwamba tangi dogo la samaki ni kazi ndogo na tangi kubwa ni kazi kubwa. Ukiwaambia umepunguza tangi lako la maji ya bahari kutoka lita 420 hadi lita 110 wanakupa pongezi, kana kwamba umetua mzigo. La hasha! Mzigo ni ule ule, ila sasa umeubeba kwa mkono mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka huu nimelipunguza langu. Tulihama kutoka nyumba ya vyumba vitatu kwenda ya vyumba viwili papa hapa Nairobi, na tangi lile halikuwa na pa kukaa. Isitoshe, mama watoto alikwisha kutoa hukumu zamani juu ya zile taa mbili za wati 250 zilizoning'inia juu yake, zikitoa joto kama jiko la makaa. "Hiyo bahari yako inakula kuliko watoto," alisema siku bili ya umeme ilipofika, nami sikuwa na jawabu.

Basi yakawa mambo mawili kwa mpigo: kupunguza maji na kubadili taa. Yaliyokuwa hatarini ni matumbawe saba. Msomaji ambaye hajapata kuyaona matumbawe yakiwa hai asidhani ni mawe ya kujengea tu. Kila moja ni mji wa wanyama wadogo wenye minyiri, nao ndani ya nyama yao wamepangisha mwani usioonekana kwa macho. Mwani hujipikia chakula kwa mwanga, na kodi yake humlipa mwenye nyumba kwa sukari. Mwanga ukipungua mno, wote wawili wanaona njaa. Ukizidi ghafula, au maji yakipata joto lisilo la kawaida, mpangaji anatimuliwa na tumbawe linapauka hadi kuwa jeupe kama mfupa. Ndivyo ilivyokuwa pwani yetu mwaka 1998, joto la El Niño lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya.

Katika saba hayo limo moja la kijani nililomegewa na rafiki yangu mwaka 2012, alipokuwa akifunga virago kwenda Muscat. Lilikuwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Leo linajaza sahani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kabla sijafungua bomba hata moja, kazi ilinipeleka Lodwar, na kutoka Lodwar nikapata gari hadi Kalokol, mwendo wa kama kilomita 60, kisha Longech. Kwa asiyepajua, Longech ni ulimi wa mchanga uliojichomoza katika Ziwa Turkana, nao umeikumbatia Ghuba ya Ferguson kwa upande wa ndani. Utakuta mikoma, utakuta mathenge yaliyotapakaa kila mahali, nyumba za makuti, samaki waliopasuliwa wakaanikwa juani, na upepo wa kusini mashariki usiojua adabu.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu kivulini, aliniuliza ninafuga nini huko Nairobi. Nikamwambia nafuga samaki, na mawe yenye uhai, ndani ya sanduku la kioo. Alicheka hadi sindano ikamponyoka. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mwenye duka la samaki aliyepata kuniuliza.

"Na maji yakikauka kidogo kidogo, kijana wangu, nani huyaongeza?"

"Mimi, mzee."

"Kila siku?"

"Kila siku asubuhi."

"Basi wewe ndiye Omo," akasema. "Na leo Omo yuko Longech."

Maneno hayo yanahitaji maelezo kidogo. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na mto mmoja, Omo, kutoka nyanda za juu za Ethiopia; Turkwel na Kerio huchangia kwa msimu. Jua na upepo hula zaidi ya mita 2 za maji ya ziwa kila mwaka, na kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Ndiyo sababu maji yale yana ladha ya magadi. Tangi langu linakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Kila asubuhi naongeza maji matamu, si ya chumvi, kwa kuwa chumvi haikwenda popote. Lita 2 zikipaa katika lita 420, chumvi haishtuki: ilikuwa gramu 35 kwa lita, inabaki hapo hapo au zaidi kwa chembe tu. Lita 2 hizo hizo zikipaa katika lita 110, kipimo kinapita gramu 35 na nusu. Siku mbili bila mtu wa kuongeza maji, na wanyama wamekwisha kuhisi. Maji madogo hayana subira ya kumngoja aliyesafiri.

Ghuba ya Ferguson ndiyo tangi dogo la ziwa lile. Ni pana lakini kina chake ni kifupi, jua linapasha maji yake joto, mwani unastawi hadi maji kuwa ya kijani, na ngege, ambao Waturkana huwaita kokine, hula mwani huo na kuzaana kwa wingi usio na kifani katika ziwa zima. Katikati ya miaka ya 1970 ghuba ilifurika samaki. Mwaka 1976 ziwa lilitoa karibu tani 17,000, na wengi walikuwa ngege wa hapo. Wageni kutoka Norway, wakishirikiana na serikali yetu, wakajenga Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi sana. Mvua za Ethiopia zilipungua, Omo ikaleta kidogo, ziwa likashuka, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ghuba ikakauka. Wafugaji waliokwisha kupoteza mifugo kwa ukame, wakafundishwa kwamba samaki ndiyo mifugo mipya, wakabaki na mitumbwi juu ya matope.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho juu ya Wazungu na majokofu yao jangwani. Mimi sicheki sana. Kugandisha samaki mahali penye joto la nyuzi 35 na zaidi ni gharama, kweli, lakini kosa kubwa nadhani lilikuwa kuipima ghuba kwa mwaka wake mmoja wa neema, kana kwamba ni bahari. Samaki wenyewe walijua zaidi. Ngege wa maji yanayopungua hakui sana. Huanza kuzaa angali mdogo, kama anayesikia kwamba muda ni mfupi. Ukiona ngege wa kiganja ana mayai, huna haja ya kuuliza habari za kina.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2015 Ethiopia ilianza kujaza bwawa la Gibe III juu ya Omo, na hofu ikawa ni ziwa kushuka tena. Kumbe miaka ya 2019 na 2020 mvua zilizidi, ziwa likapanda na kumeza nyumba za ufukweni. Mzee yule alinionyesha kwa kidole mahali ilipokuwa nyumba yake ya kwanza. Palikuwa na maji, na juu yake korongo mmoja amesimama.

Nilirudi Nairobi nikaanza kazi. Mawe yote ya zamani yalihamia tangi jipya, maana bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo. Nusu ya maji ilikuwa ya zamani. Kangaja mkubwa, anayetaka nafasi ya kukimbia, nilimpa rafiki mwenye tangi la lita 600. Wamebaki samaki wawili wadogo. Nilinunua pampu ya betri, kwa kuwa usiku wa Julai umeme ukikatika, maji machache hupoa upesi kama chai ya kikombe.

Taa ndiyo iliyonipa mawazo. Kule ghubani nilitia mkono majini, na kabla maji hayajafika kiwiko vidole vilikuwa vimepotea katika ule ukijani. Jua ni la Turkana, kali lisilo mfano, lakini aliye chini yake anaishi gizani. Kinachohesabiwa ni mwanga unaofika, si taa iliyowashwa. Maji ya matumbawe ni kinyume cha yale: ni meupe kama kioo, na rangi ya buluu hupenya kuliko zote. Taa mpya za LED zina buluu nyingi. Jicho la binadamu huiona buluu kama hafifu, hivyo mwenye tangi hushawishika kuipandisha, kumbe mwani ndani ya tumbawe umekwisha kushiba hadi kutapika. Tena tangi jipya lina kina cha sentimita 40 badala ya 60. Kila tumbawe limesogea karibu na taa bila kusogezwa.

Kwa hiyo nilianza na asilimia 25, nikaongeza 5 kila wiki. Matumbawe yote niliyaweka chini, kwenye mchanga, hata yale yaliyozoea kukaa juu. Mama watoto akauliza kama sasa tumenunua taa ya kukaa gizani. Wiki ya tatu, taa ikiwa asilimia 40, lile la kijani lilianza kufifia ukingo mmoja, upana wa ukucha. Nililisogeza nyuma ya jiwe lipate kivuli, nikaliacha.

Siku tisa zimepita. Ukingo haujapanuka, na usiku minyiri inatoka kutafuta chakula. Taa bado iko asilimia 40.