BIMA YA HARUSI: TUSOME KWANZA, TULIPE BAADAYE



Wenzetu wa Atlabara, hapa Juba, wanauliza: mwenye kuandaa harusi anunue bima? Tunajibu: asome kwanza yale ambayo bima haiyalipi.

Bima hii imezoeleka Uingereza. Hulipa mwenye ukumbi akifilisika, au bibi harusi akiugua ghafla. Lakini kwa kawaida hailipi harusi ikivunjwa na vita, wala mchumba akibadili nia, wala pesa ikishuka thamani.

Sasa tukumbuke yaliyotuvunjia harusi sisi. Desemba 2013 na Julai 2016 risasi zililia Juba. Desemba 2015 serikali iliacha kupanga bei ya dola, nayo ikaruka kutoka pauni 3 hivi hadi 18 na zaidi. Aliyeweka pauni za harusi alibaki na kama sehemu moja ya sita ya thamani yake. Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku kwa ajili ya korona. Bima ya namna ile ingetusaidia kidogo sana.

Lakini sanduku tunalo: kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea. Mwenye harusi zamu yake ikifika asilaze pesa. Anunue mara moja mchele, sukari na nguo. Malipo ya kwanza ya ukumbi yawe madogo, na risiti iseme wazi kwamba siku ikiahirishwa pesa haipotei.

Wakala wa bima akija, msitie sahihi. Leteni karatasi zake tawini tuzisome pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.