Kwa nini pikapu tupu huteleza kwenye theluji

Madereva wa pikapu nchini Kanada na kaskazini mwa Marekani wanafahamu kwamba gari hilo, linalobeba mizigo mizito bila taabu wakati wa kiangazi, huwa la hatari majira ya baridi likiwa tupu. Injini iko mbele, na sehemu kubwa ya uzito iko huko. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo hulisukuma gari, hukosa cha kuyakandamiza na huzunguka bure juu ya barafu.

Ndiyo maana wengi hupakia mifuko ya mchanga. Inapaswa kulazwa juu ya ekseli ya nyuma, si mwishoni mwa bodi, na kufungwa imara, kwani breki za ghafla huweza kuirusha mbele. Gari likikwama, mchanga huohuo humwagwa chini ya tairi.

Wanaotegemea pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne hujidanganya: mfumo huo husaidia kuondoka, si kusimama. Kinachosaidia kusimama ni matairi maalumu ya majira ya baridi, ambayo mpira wake haukakamai halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Jimbo la Quebec limeyafanya kuwa ya lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.