KIFAFA KINA SAA ZAKE

Mama mmoja alimleta kijana wake zahanati. Kijana huanguka, hukakamaa, hutikisika na kutoa povu. Hicho ni kifafa. Mama akaniambia: "Daktari, humjia alfajiri tu. Kitu kinachojua saa kina akili. Mwanangu ametumiwa pepo."

Watu wengi hufikiri hivyo, na kwa sababu hiyo wagonjwa hukosa dawa. Leo tutazame jambo hilo.

SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Mfungie jogoo ndani ya nyumba yenye giza. Alfajiri atawika tu. Hakuona mwanga, bali ana saa ndani ya mwili wake.

Binadamu naye ana saa hiyo. Imo katika ubongo. Ndiyo inayotuletea usingizi usiku na kutuamsha asubuhi.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Sehemu za ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukifumka ghafla kwa nguvu, mtu huanguka. Ubongo hubadilika tukilala na tukiamka. Kwa hiyo kwa wagonjwa wengi ziko saa ambazo umeme hufumka kwa urahisi. Wengine huanguka usingizini. Wengine huanguka mara wanapoamka. Wengine huanguka mchana, na wengine hawana saa maalumu.

PANYA WALITUFUNDISHA NINI?

Mwaka 2000, Daktari Mark Quigg na wenzake wa Marekani walieleza uchunguzi wao juu ya panya wenye kifafa. Panya hulala mchana na kutembea usiku. Kifafa kiliwashika zaidi saa za mwanga, hasa walipokuwa wametulia. Kisha wakawekwa gizani usiku na mchana. Kifafa kiliendelea kufuata saa zake.

Panya si mtu, na saa zake si lazima ziwe saa zetu. Lakini panya hana jirani wa kumwonea wivu. Hakuna aliyemtumia pepo. Saa ilikuwa ndani ya mwili wake.

USINGIZI NI KINGA

Mgonjwa wa kifafa akikosa usingizi, huanguka kwa urahisi zaidi. Hapa kwetu kazi za usiku ni nyingi. Tunalinda mashamba yasiliwe na viboko na tembo. Tunachochea moto wa mabani ya tumbaku. Kule Karema wavuvi huvua dagaa usiku kwa taa.

Mgonjwa asipewe kazi hizo. Kukesha kutamwangusha, na ataangukia motoni au majini. Mpeni kazi ya mchana, mbali na moto na maji. Pombe nayo aiache.

DAWA KILA SIKU

Kule Mahenge, tangu miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu watu wenye kifafa waliokuwa wakitengwa na kuogopwa. Alitumia fenobabitoni. Dawa hiyo bado inatumika. Kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, wakati wa kulala, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na huleta usingizi.

Meza kila siku, hata kama hujaanguka miezi mingi. Usiiache ghafla. Ukiiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Usibadili saa wala kiasi cha dawa bila kumwuliza mganga wa zahanati.

TUMIA KALAMU YAKO

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kusaidia. Chukua daftari. Kila mgonjwa akianguka, andika tarehe, saa, kama alikuwa amelala au macho, na kama alimeza dawa jana. Lete daftari zahanati. Yule mama alifanya hivyo kwa msaada wa binti yake. Tuliona kwamba kijana huanguka zaidi baada ya usiku wa kukesha banini. Sasa kazi hiyo anaifanya mjomba wake, na kijana anameza dawa na kulala. Hajapona kabisa, lakini huanguka mara chache.

AKIANGUKA

Mwondoe penye moto au maji. Weka nguo laini chini ya kichwa. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Usiogope povu, kwa maana kifafa hakiambukizwi kwa mate. Ikipita dakika 5 bila kutulia, mkimbize kituo cha afya.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kifafa kinaweza kuja saa ile ile?
2. Ni kazi zipi kijijini kwetu zisizomfaa mgonjwa wa kifafa?
3. Nani katika kijiji chetu amefichwa ndani na hajaletwa zahanati?